Soma Yote, Usiruke

Tarehe 3 Machi

Kwako wifi yangu, usiyejua kujibu barua,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote ni wazima isipokuwa cherehani, ambayo inakohoa, na kaka yako, ambaye ni mzima lakini hayupo. Lori limempeleka mbali, na simu ya nyumba ameondoka nayo, ndiyo maana nakuandikia. Mkono huu unaouona, wenye herufi zilizonyooka kama mshono wa mashine mpya, si wangu. Ni wa mwanao Taratibu, binti yangu. Mimi nashona huku nasema, yeye anaandika. Mikono yangu ina kazi.

Jirani yetu muuza dawa anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia swali hilo aviulize vidonge vyake.

Sasa lililonifanya niharibu karatasi. Mwanao amefaulu ule mtihani. Ndiyo, wa shule yako, ile ya serikali inayookota watoto wachache kutoka kila pembe na kuwaacha wengine wajione wapumbavu. Kaka yako alipopata habari alisimamisha lori katikati ya mtaa akapiga honi mpaka watu wakadhani kuna msiba. Sasa mtaa mzima unamwita Profesa, naye ana miaka kumi na minne na bado anaingia ndani na viatu.

Wanataka jibu letu kabla Mei haijaisha, na shule inafunguliwa Julai. Hapa mtaani nako kuna sekondari. Atakwenda kwa miguu na kurudi alasiri, na mwalimu wa hesabu yupo, ingawa mara nyingi yupo dukani kwake. Wewe huko kwa wateule ulikwenda ukiwa rika lake, unakujua. Na huyu unamjua: haharakishwi. Ukimuuliza jina lake anafikiri kwanza. Je, shule ile inamfaa? Nataka jibu, sitaki maneno. Kuuliza si ujinga, ila kukuuliza wewe kunahitaji subira.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 29 Machi

Wifi fundi, mke wa kaka yangu na msemaji wake,

Barua yako imefika, ikakaa mezani pangu kati ya katoni za sabuni ya mche na sabuni ya unga, ndiyo maana jibu hili linanukia usafi. Mimi mzima. Stoo ya kiwanda bado inasimama kwa sababu yangu, meneja bado anadhani inasimama kwa sababu yake. Sijaolewa. Mwambie muuza dawa nikishikwa na ugonjwa huo atakuwa wa kwanza kujua.

Hongera kwa Taratibu. Nilicheka peke yangu hapa stoo, mpakiaji akaniuliza kama nimevuta unga wa sabuni.

Unauliza kama shule inamfaa. Wifi, shule ile ilinifundisha mifupa yote ya chura kwa majina yake, na leo nahesabu sabuni. Ukitaka mtoto anayeweza kumtambulisha chura kwa watu, mlete. Wanaamshwa alfajiri kwa kengele ambayo hata wafu wa jirani wameilalamikia. Chakula cha bwalo kinalika ukiwa na njaa, na njaa utakuwa nayo. Kila Jumatatu majina yanabandikwa kwenye mlango wa bwalo, wa kwanza juu, wa mwisho chini, na darasani mnakaa kwa mpangilio huohuo. Wa kwanza anakaa dirishani apate mwanga. Wa mwisho anakaa kando ya mlango, awafungulie wenye akili. Hayo ni ya zamani zangu, labda wamestaarabika. Wana siku ya wazazi mwishoni mwa Aprili. Kutoka hapa ni basi moja tu, nitakwenda nione kwa macho yangu, ndipo nikupe jibu.

Tukitaja macho, nami nikuulize. Miaka yote umeniandikia mwenyewe, kwa mwandiko wako ule wa kuku aliyekanyaga wino. Leo mikono ina kazi? Mikono yako ilikuwa na kazi hata siku ya harusi yako. Na mwaka jana nilipokuja nilikuona unaupeleka uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Macho yanasemaje, wifi?

Wifi yako wa stoo


Tarehe 14 Aprili

Wifi mpenda kuchungulia,

Salamu. Katoni ya sabuni uliyotuma imefika. Kaka yako tangu aifungue anaoga asubuhi na jioni, nimeanza kuuliza huko barabarani anasimama wapi.

Macho yangu mazima, asante. Yanakuona hata wewe huko uliko, umekalia katoni badala ya kufanya kazi. Nilishasema mikono ina kazi. (Shangazi, mama hajui kama naandika hapa. Jana alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Nimeufumua kabla mwenye gauni hajaja. Uzi natunga mimi, na rangi zake namwambia mimi, kila rangi. Tafadhali usiulize tena habari za macho. Anakasirika halafu anajichoma sindano.)

Habari ya viti sijaipenda. Mtoto huyu atakaa kando ya mlango mpaka awe komeo. Wewe mpe swali, kwanza atataka kujua nani amelitunga na alikuwa na nia gani. Wenzake wameshamaliza, wameshakula, wameshalala, yeye ndiyo kwanza anachonga penseli. Hapa mtaani angalau watamzoea. Halafu huko kuna baridi, na kifua chake unakijua. (Kifua changu hakina kitu.) Halafu ni mbali. Halafu nani atamsuka. Naona sababu zinajipanga zenyewe, mimi wala sizisukumi. Lakini nangoja neno lako, maana kaka yako anasema siwezi kuikataa shule nisiyoijua. Yeye anaijua sana. Ameshapita mbele yake na lori.

Fanya haraka, kama neno hilo linapatikana huko stoo.

Wifi yako,
Fundi

(Shangazi, ni kweli kwenye maabara kila meza ina bomba lake la maji?)


Tarehe 2 Mei

Wifi yangu mwenye macho mazima,

Wewe mwandishi, mabano yako nimeyaona. Hapa paruke, usimsomee mama. Una akili, mwanangu, na mimi sina mpango wa kukuchongea.

Endelea kusoma hapa. Wifi, salamu. Shuleni nimekwenda. Nilivaa viatu vya kubana ili nifanane na wazazi wengine, ambao walikuwa wamejaa uwanjani wakitangaza maksi za watoto wao kwa sauti ya wauza samaki. Mama mmoja aliniuliza wangu ni wa ngapi. Nikamwambia wangu bado hajaingia, akanipa pole.

Viti ni vilevile. Dirishani mpaka mlangoni, hawajastaarabika. Kando ya mlango nilimwona binti analia kimya, anafuta macho kwa mkono wa sare. Mlezi wa bweni ana sauti ya mnada. Mabweni yana baridi, na magodoro yale nadhani ndiyo niliyoyaacha.

Sasa sikia na mengine, maana mimi si mtu wa kusema nusu. Walituingiza darasani tuone somo la hesabu. Mwalimu anaandika ubaoni, anakwenda mbio, watoto wa dirishani wanaitikia naye. Yule binti wa mlangoni, aliyekuwa analia, akanyoosha mkono akasema mstari wa tatu una kosa. Darasa likacheka. Mimi nikajikunja kwa niaba yake. Mwalimu akarudi ubaoni, akatazama, akafuta. Akampa chaki, akamwambia njoo ufanye wewe. Alifanya polepole mno, wifi. Wazazi walitazama saa zao. Mwalimu alikaa juu ya meza, akakunja mikono, akamngoja mpaka akamaliza. Hakuna aliyesema harakisha. Hapo nilimwona Taratibu wetu mzimamzima, mpaka nikasahau viatu.

Maktaba inafunguliwa mpaka jioni na vitabu wanaruhusiwa kuondoka navyo. Maabara nimeingia, na kila meza ina bomba lake. Nimefungua moja kuhakikisha. Maji yametoka, na mwalimu amenikaripia.

Uliomba jibu. Shule inamfaa. Atalia mwezi wa kwanza kando ya mlango, kisha atawauliza maswali mpaka wahamishe mlango.

Lakini kuna kitu sikukuambia kwenye barua ya kwanza, ndiyo maana nikakuletea habari za chura. Mimi pia ilinifaa. Ilinifaa mno. Nilirudi likizo ya kwanza, mama akanitolea kile kiti cha wageni, chenye mto, akaniambia nisishike kazi, nimechoka na masomo. Alinipenda sana siku ile. Sikukaa tena kwenye mkeka wao. Wewe ulipoolewa pale nilikukuta jikoni unagombana na mama juu ya sufuria, nikakuonea wivu mpaka leo. Basi mlete, ila usimtolee kiti.

Na hayo macho, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wifi yako wa stoo


Tarehe 12 Mei

Wifi,

Salamu, sisi wazima. Asante kwa kwenda, na pole kwa viatu. Barua yako safari hii ilikuwa fupi, nikajua umeyaona mabaya mpaka ukakosa la kuongeza, jambo ambalo kwako ni kama mvua kunyesha kuelekea juu.

Basi nimekuelewa. Viti vilevile, mtoto analia kando ya mlango, mlezi ana sauti ya mnada, baridi na magodoro. Yamekwisha. Atasoma hapa. Kaka yako amenuna, lakini nimemwambia aliyesema ni dada yake, msomi wa huko huko, si mimi mshona mapindo. Akaenda kuosha lori.

Mtoto mwenyewe nimemuuliza. Akasema "sawa, mama" palepale, hata hakufikiri. Nimefurahi kwamba angalau jambo moja ameliamua haraka.

Siku hizi nashona huku naimba. Wateja wanalalamika.

Wifi yako,
Fundi


Tarehe 19 Mei
Kwa mkono wa muuza dawa

Bwana muuza dawa, barua hii nimeituma kwenye sanduku lako kwa makusudi. Tafadhali mwite wifi yangu fundi mtoto akiwa shuleni, mkalishe, umsomee. Soma yote, hata pale nitakapokutaja vibaya.

Wifi, salamu baadaye. Barua yangu ya tarehe mbili ilikuwa na kurasa tatu, mbele na nyuma. Fupi iko wapi? Mimi niliandika kwamba shule inamfaa. Niliandika kwa herufi kubwa za mtu asiye na haya. Ulichosomewa wewe ni baridi na magodoro. Mengine yote yamefumuliwa njiani, na kwa ufundi, mpaka hukuuona mshono.

Umemlea vizuri, hongera. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu wako anakula kwa huruma. Wewe unayemjua, unayesema akiulizwa jina lake anafikiri kwanza, amekujibu "sawa" palepale, na wewe ukaimba. Hapo ndipo ungeshtuka, wifi. Na kuna lawama yangu pia: nilimwambia mahali fulani aruke, kumbe nilikuwa nampa leseni.

Itafute barua ile, mpe huyu bwana akusomee kutoka juu mpaka chini. Kisha jiulize swali moja, mimi sitakuuliza tena: tunapotafuta shule inayomfaa mtoto, ni mtoto tu tunayemfikiria? Nani anatunga uzi pale dukani kwako?

Mei inakwisha. Macho peleka kwa daktari, usiyaache kwa huyu anayekusomea, atakupa dawa ya minyoo.

Wifi yako


Tarehe 9 Juni

Wifi,

Mei imekwisha. Wiki zinapita, sanduku la posta la kiwanda linaletewa bili tu. Kunyamaza nako ni jibu, ila hili lako silisomi. Kama umekasirika, andika matusi, mimi ni mtu mzima, nimekaa na wapakiaji miaka mingi. Shule nimepiga simu, wanasema majina hawayatoi kwa shangazi.

Hapa stoo nahesabu katoni, nakosea, narudia. Meneja amefurahi kuniona nina kasoro. Niandikie hata neno moja.

Wifi yako wa stoo


Tarehe 4 Julai

Wifi,

Mkono huu ni wangu. Kuku amerudi kwenye wino. Mistari ikipandana usinicheke, naona ukurasa kama mtu anavyoona ndani ya nyumba kupitia pazia.

Muuza dawa alinisomea. Kwanza alisoma yako iliyokuja kwake, na pale pa minyoo alikohoa akasoma hivyohivyo, mtu mwaminifu. Kisha nikaitafuta ile ya tarehe mbili. Ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, mahali ambapo mimi siku hizi sifiki kwa macho, nafika kwa vidole tu. Aliposoma yule binti wa mlangoni akipewa chaki, nikamwambia rudia. Pa mabomba alirudia pia, mpaka wateja wake wakaanza kuuliza kama dawa inatolewa leo ama la.

Mtoto aliporudi nikamwekea barua juu ya cherehani. Akaitazama. Nikamuuliza, hii ndiyo uliyonisomea? Akasema, "Nilifupisha." Nikamuuliza kwa nini. Hapo alifikiri, wifi, alifikiri kwa namna yake ile, nikamaliza kupiga pasi shati zima. Kisha akasema, "Kwa sababu ungeniruhusu."

Nilikaa kwenye stuli nikalia, na yeye akalia, na mwenye shati akaja akatukuta hivyo, akadhani nimeliunguza.

Nikuambie ukweli ambao ulinikataza kuukimbia. Nilifurahi. Iliposemekana umesema shule haifai nilifurahi kama mtu aliyeponea jela. Nikajiita mama mwenye busara anayemtafutia mwanawe kinachomfaa, kumbe namtafutia sindano mtu wa kuitunga. Mtoto alikuwa ameniona siku nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa sioni, na sisemi habari za macho.

Jibu tulilituma siku ya mwisho kabisa ya Mei. Kaka yako alilipeleka mwenyewe kwa lori, na honi alipiga mpaka lango la shule, mlinzi akataka kuita polisi. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nashona sare, na nilitaka nizishone kwa mkono wangu, kila mshono. Zimechukua mwezi. Yeye alitunga uzi na kuniambia rangi, na safari hii mikono iko kwenye mabega yake. Kwenye mapindo na kwapa nimeacha akiba kubwa ya kitambaa. Akikua asimpe fundi wa huko. Arudi nazo nimfungulie mimi.

Macho nimeyapeleka. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kwenye yote mawili, atamtoa wa kwanza mwezi wa nane na wa pili baadaye. Nikamwambia mwaka huu basi kila mtoto anaondoka. Hakucheka, madaktari hawajui mzaha. Mpaka hapo kaka yako ananitungia sindano zote asubuhi kabla ya kuondoka. Una kaka mwenye vidole vya kushika usukani, na jinsi anavyozitukana zile sindano, majirani wanadhani tumerudi kugombana kama maharusi. Kazi za maua na nyuzi za rangi nimezisimamisha, napokea mapindo tu. Nimeogopa, sikufichi. Duka lina ukimya ambao siupendi hata kabla hajatoka mlangoni.

Kuhusu kile kiti chenye mto. Sikujua. Miaka yote hii nilidhani unajivuna, kumbe ulikuwa unangoja mtu akuambie shika sufuria. Ukija Desemba kuna nguo za kufumua rundo zima, na stuli mbili, moja yako na moja ya mwanao. Kiti cha wageni nimempa muuza dawa, wateja wake wakae wakingoja.

Mkaribishe mwisho wa wiki, mlishe, na akilia kwa sababu ya mlango mwache alie, kisha mkumbushe chaki. Usimharakishe.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe akielekea shuleni, yuko mbele yako na begi lake. Ukishindwa kuusoma mwandiko wangu, mpe akusomee. Ila msimamie, asiruke mahali.

Wifi yako,
Fundi